Mwezi Usio na Sala

Kinyanjui alimwahidi Hadia jangwa kabla hajamwahidi ndoa.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa 2018, ule usiku mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu kama tofali na nusu ya Kibera ikamwagika nje kuutazama. Hadia alikuwa ametoka msikitini na wanawake wenzake, wameshaswali sala ya kupatwa kwa mwezi, wanarudi wakipitia upande wa Silanga. Karibu na bwawa walimkuta kijana amesimamisha kamera juu ya miguu mitatu ya chuma, watu wamemzunguka wakisukumana. Alikuwa mpiga picha, ana studio ndogo Riruta Satellite, na alikuwa amekuja huku kwa sababu kwao kulikuwa na mawingu.

"Dada, kuja uone," alimwambia.

Hadia aliinama akatazama. Aliona mabonde ya mwezi, aliona kingo zake, akasahau kwamba wenzake wanamngoja.

"Hapa kuna mataa na moshi," kijana akasema. "Mwezi kama huu unafaa kuonwa ukiwa jangwani Chalbi. Huko hakuna hata balbu moja. Siku moja nitakupeleka."

Walikuwa hawajaulizana hata majina. Hadia alicheka njia nzima hadi nyumbani Kambi Muru, humohumo Kibera.

Mwaka uliofuata kijana huyo alikuja kumposa. Mzee Abdelrahim, babake Hadia, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo moja tu, kwamba binti yake ataolewa na Mwislamu. Kinyanjui hakuomba hata siku ya kufikiria. Alisilimu siku ya Ijumaa mbele ya watu, akapewa jina la Hamza, na watu wakamkumbatia mmoja mmoja. Kule kwao Kawangware, babake, Mzee Kihara, aliyekuwa na ploti za nyumba za kupangisha, alinyamaza kama wiki hivi. Kisha akamwambia mwanawe mwingine, Kagiri, kile chumba cha Kinyanjui kipewe mpangaji.

Wakaanza maisha katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya kina Hadia. Hadia alikuwa akisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangirangi ambavyo Wanubi kama yeye hawavikosi nyumbani, akiviuza kwa maduka ya mjini. Hamza akaendelea na studio yake Satellite. Hadia ndiye aliyemfundisha kusoma Fatiha, wakicheka jinsi ulimi wake wa Kikuyu ulivyokataa herufi nyingine. Ramadhani yake ya kwanza aliifunga akiwa amekonda kama ufito, na Mama Fatna, mamake Hadia, akawa anamwekea maandazi makubwa kuliko ya wengine wote. Nyumba ile ilimpenda, na yeye alionekana kuipenda.

Kisha Mzee Kihara akaugua. Ilianza kama sukari, ikaingia kwenye figo, na habari zikafika Kambi Muru kupitia kwa watu. Hamza alizisikia akakaa kitako. Ni Hadia aliyemwinua.

"Baba ni baba. Nenda."

"Alinifukuza, Hadia."

"Na sasa ni mgonjwa. Nenda ukamwone."

Akaenda. Baadaye akawa anaenda karibu kila siku, na Hadia akawa anapika uji wa wimbi usio na sukari, anautia kwenye chupa ya chai, naye Hamza anaubeba. Mara mbili tatu Hadia aliupeleka mwenyewe. Mama mkwe wake, Wamuyu, aliipokea chupa hapo getini, na siku ya pili akamrudishia ikiwa imeoshwa ikang'aa, bila neno. Hadia hakuona vibaya. Chupa kuoshwa vile, alijiambia, ni heshima pia.

Mzee alifariki Februari ya 2023. Hamza alirudi kutoka mazikoni na udongo mwekundu viatuni, akaketi mlangoni bila kuvivua, na Hadia akavivua yeye.

Ramadhani ikaingia mwezi uliofuata. Kutwa Hamza alikuwa Kawangware, mambo ya ploti, mikutano na kina Kagiri, na jua likikaribia kuzama alirudi kufuturu. Hadia alifurahi. Alijua ni nini mtu kutengwa na damu yake, na alijua ni kwa ajili yake mtu huyu alitengwa. Kila alfajiri alimwamsha kula daku, akimwekea kipande kikubwa cha nyama, kwa sababu siku yake ni ndefu na ana ndugu wagumu wa kukabiliana nao.

Baada ya Idi, Hamza akasema, "Mei, Ijumaa ya kwanza, kuna mwezi utapatwa. Twende Chalbi."

Hadia alimtazama asimwamini, kisha akalia kama mtoto.

Alikuwa na jambo lake pia. Siku zake zilikuwa zimepita. Alikuwa amenunua kipimo kwa duka la dawa, amekitazama peke yake chooni, na mistari miwili ilikuwa imejichora wazi kabisa. Miaka minne walikuwa wakingoja mistari hiyo. Alimficha hata mamake. Alitaka kumwambia mumewe hukohuko jangwani, mbele ya mwezi.

Aliyewaendesha alikuwa Nzomo, rafiki wa Hamza, mwenye gari kuukuu la kupanda milima analolikodisha kwa watalii maskini. Nzomo alijulikana Satellite nzima kwa mdomo usiofungwa. Safari hii alikuwa mpole ajabu. Alimfungulia Hadia mlango, alimwuliza kama upepo ni mwingi, alimnunulia mahindi ya kuchoma Isiolo asitake kulipwa. Kila Hadia alipomtania alicheka kidogo tu, macho barabarani.

Walilala Marsabit. Alfajiri Hadia alipoamka kuswali, Hamza hakuwepo. Alikuwa ametoka kutazama magurudumu na Nzomo. Mchana njiani alisema ataunganisha sala, yeye ni msafiri. Hadia aliswali kando ya barabara kwenye leso yake, na waliposhika tena safari hakuuliza. Msafiri ana ruhusa.

Baada ya Marsabit lami iliisha na nchi ikashuka. Ukame wa miaka ulikuwa umekwisha juzijuzi tu, na pembeni mwa njia mifupa ya ng'ombe na ngamia ilikuwa bado imelala mahali ilipoangukia, mingine na ngozi juu. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha. Walipofika Kalacha, Chalbi ilitanda mbele yao nyeupe na chumvi, tambarare kama sakafu, na Nzomo akakataa kuingia katikati kwa sababu chini ya chumvi kulikuwa na tope. Waliegesha pembeni, kwenye vibanda vya wageni karibu na chemchemi na miti ya mikoma. Mwanamke mwenye vibanda, Mgabra mrefu wa umri wa Mama Fatna, aliona hijabu ya Hadia akamwamkua kwa salamu ya Kiislamu, akamwonyesha maji ya kutawadha kabla ya kumwonyesha kitanda.

Jua lilizama upande mmoja, mwezi ukachomoza upande wa pili, mkubwa, wa manjano kama samli. Hadia na mumewe walikuwa wametembea hadi pale chumvi inapoanzia. Nzomo alibaki nyuma garini. Hadia alitandika mkeka akaswali magharibi. Hamza alikuwa akihangaika na kamera, akafunga hiki, akafungua kile, na Hadia alipotoa salamu bado alikuwa anafungua.

"Umeanza?" Hadia akauliza.

"Umetoka ukiwa umeshaanza."

"Mbona sioni kitu?"

"Hautaona sana. Kile kivuli chenyewe kinapita kando leo. Mwezi unapitia pembeni yake, mahali kivuli ni chepesi. Ni kama moshi tu."

Hadia aliketi mkekani na kungoja. Upepo ulikuwa wa joto, unaacha ladha ya chumvi midomoni. Hakuwa na haraka. Alikuwa akiyapanga maneno yake. Kwanza angesema, "Hamza, mwakani hatutaweza kusafiri hivi." Angoje amwulize kwa nini.

Mwezi ulipanda, ukawa mweupe, mdogo, mkali. Baada ya muda mrefu aliona, au alidhani ameona, upande wa kushoto umefifia kidogo, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na nguo inayotoa rangi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Hadia akacheka. "Umenileta mbali yote hii kwa hii?" Lakini alicheka kwa furaha, akasimama, akanyoosha mkeka, akausogeza nyuma ili yeye asimame nyuma na mumewe mbele. "Haya. Acha kamera. Njoo utuswalishe."

Hamza hakuondoa jicho kwenye kamera. "Hii haina sala."

"Nani amekwambia?"

"Nilimuuliza sheikh wenu. Alisema kama huwezi kuona kwa macho, haiswaliwi."

Hadia alikuwa amekwisha inua mikono kutengeneza hijabu. Mikono ikabaki hapohapo kichwani.

"Sheikh nani?"

"Sheikh. Wa pale."

"Umesema sheikh wenu."

Kamera ilitoa mlio mdogo. Hamza akanyooka, na alipogeuka, mwezi ulikuwa mkali vya kutosha kumwonyesha Hadia uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha tua mzigo, na Hadia aliuogopa uso huo kabla hajasikia neno.

"Nilitaka nikwambie pole pole," akasema.

"Niambie."

"Nimerudi kanisani."

Hadia alisubiri sentensi nyingine, yoyote ile, itakayobadilisha hiyo. Haikuja.

"Lini?"

"Hadia..."

"Nimekuuliza lini."

"Pasaka. Nilisimama mbele, wakaniombea, nikapokelewa."

Pasaka. Hadia alilazimika kurudi nyuma kichwani kuitafuta, kwa maana Pasaka haikuwa kitu alichokuwa akikihesabu. Ilikuwa imeangukia katikati ya Ramadhani. Jumapili ile alikuwa amepika tambi na viazi vya nazi, na gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi alizozipenda Hamza. Alichelewa. Aliingia adhana ikilia, akavua viatu haraka, akachukua tende, akasema bismillahi, akaila.

"Ulikula tende na mimi," Hadia akasema. "Siku hiyo hiyo. Ulikaa hapo kwa mkeka ukafungua na mimi."

Hamza akafunga kifuniko cha kamera.

"Mchana ulikuwa umekula?"

"Hadia, si lazima..."

"Ulikuwa umekula?"

"Walikuwa wamechinja mbuzi," akasema.

Hadia akazihesabu alfajiri zake. Alfajiri ile alikuwa amemwamsha ale daku. Na alfajiri iliyofuata, na nyingine zote hadi Idi, alimwamsha mtu huyu, akamtikisa bega kwa upole kwa sababu usingizi wake ni mzito, akamwekea nyama. Akaamka kila mara, akala, akanuia. Na usiku aliingia kitandani kama mume. Kila usiku.

"Ulinifanya nini?" alisema, lakini kwa sauti ndogo, kama anayejiuliza mwenyewe. Alijua sheria. Mtoto wa madrasa wa Kibera anaijua. Mume akitoka kwenye dini, ndoa imetoka naye. Alikuwa ameishi mwezi mzima na mwanamume asiye mumewe, na kati yao wawili ni yeye peke yake asiyelijua hilo.

"Sikiza," Hamza akasema, akaja hatua moja. "Hakuna kitu lazima ibadilike. Nimeuliza. Tunaweza kwenda kwa msajili, ndoa ya serikali, wewe ubaki na dini yako, mimi na yangu. Mama amekubali. Amesema anakupokea. Ile nyumba ya mawe ya mbele pale kwetu, Kagiri anahama, inakuwa yetu. Hijabu hakuna mtu atakuuliza. Kitu moja tu wanaomba." Akatazama kamera yake. "Watoto, Mungu akitupatia, wabatizwe."

Mkono wa Hadia ulikuwa umeanza kwenda tumboni. Aliukatiza njiani, akashika pindo la leso, akakaza fundo ambalo halikuwa limelegea. Maneno aliyokuwa ameyapanga aliyameza moja moja, na hapo ndipo alipojua kwamba hatayasema.

"Ni ploti ama ni Yesu?" akauliza.

Alitegemea atakasirika. Hakukasirika. Alifikiri sana, kwa uaminifu ule ambao Hadia aliupendea zamani.

"Siku za mwisho baba alikuwa anaimba," akasema. "Ule wimbo wa kanisa tulikuwa tunalazwa nao tukiwa wadogo. Sauti haikuwepo, ni mdomo tu. Nikaimba na yeye. Nililia, Hadia. Msikitini nilisimama miaka yote hiyo na sijawahi kulia hata siku moja."

"Na ploti?"

"Na ploti pia iko."

"Na ule uji wangu, baba yako aliokuwa anakunywa? Alijua ni nani anapika?"

Hadia akajuta kuuliza hata kabla Hamza hajajibu.

"Mama alimwambia anapika yeye. Kama angejua hangekunywa."

Upepo ulivuma. Hadia alitazama nyuma kuliko na gari. Taa ya ndani ilikuwa inawaka na Nzomo alikuwa ameketi amewapa kisogo, ameinamisha kichwa kwenye usukani. Ndipo akayakumbuka mahindi ya Isiolo, na ule mlango aliokuwa akifunguliwa, na ule ukimya wote. Nzomo alijua. Alitoka Nairobi akijua.

Akatoa simu mfukoni. Haikuwa na mtandao. Alijua haina, tangu mchana ilikuwa haina, lakini sasa aliitazama kwa namna nyingine. Kambi Muru angepiga kelele moja tu, ndugu yake Ramzy angetokea na nusu ya kijiji nyuma yake. Huku ni chumvi na mwezi.

"Kwa nini hapa?"

"Nilikuwa nimekuahidi."

"Uliogopa Ramzy."

Hakukana. Alikuwa amempangia tangu baada ya Idi. Alimwona akilia kwa furaha, akaendelea kupanga.

"Kinyanjui," Hadia akasema. Hakuwahi kumwita jina hilo tangu siku ya nikahi, na lilimtoka kama jina la mtu wa dukani. "Beba kamera yako uondoke hapa."

Aliondoka. Hadia aligeuza mkeka kuelekea kibla akaswali isha. Alikosea rakaa, akaanza tena, akakosea tena. Alipomaliza, mwezi ulikuwa umesafika wote, na hakuna ambaye angeweza kusema umeguswa na kitu.

Alikwenda kwenye kibanda cha yule mwanamke wa Kigabra, akasimama mlangoni. "Mama, nilaze kwako leo. Yule si mume wangu."

Mwanamke alimtazama, akatazama kibanda cha wageni, akasogeza vyombo, akatandika ngozi. Hakuuliza hadi asubuhi, na asubuhi pia hakuuliza.

Safari ya kurudi, Hadia alikaa mbele na Nzomo, Kinyanjui nyuma na mizigo. Walisimama Marsabit. Hapo Kinyanjui aliposhuka kununua maji, Nzomo alikohoa.

"Dada, Mungu ni shahidi, nilimwambia asikufanyie hivi."

"Ulimwambia yeye," Hadia akasema. "Mimi hukuniambia."

Kinyanjui aliporudi na maji, Nzomo akawasha gari.

Kambi Muru, Hadia aliwaeleza wazazi wake akiwa amesimama, kisha akaketi na kuwaambia la pili, la mimba. Mama Fatna aliziba mdomo kwa gurbaba yake, ile shuka aliyojifunga. Ramzy alikuwa ameshavaa viatu aende Satellite. Hadia alimkamata shati.

"Ukimpiga, atakuwa ameumizwa. Sitaki aumizwe. Sitaki awe na kitu chochote cha kutulaumu."

Mzee Abdelrahim alikwenda kwa sheikh, na sheikh alisema kama Hadia alivyojua. Ndoa ilivunjika siku ile Kinyanjui alipotoka. Hadia hana dhambi kwa asilolijua. Mtoto ni wa halali, ana baba yake na ana nasaba yake, na yeyote atakayesema vingine atamjibu Mungu. Alilisema hilo hadharani baada ya sala ya Ijumaa, bila kutaja jina, na kila mtu akajua ni nani.

Kwa hivyo Hadia akakaa eda hadi ajifungue, lakini maneno ya sheikh yakabaki msikitini. Mferejini wanawake walihesabu kwa vidole. Pasaka ilikuwa lini? Idi ilikuwa lini? Tumbo lina umri gani? Hawakuwa watu wabaya. Wengine wao walimlea. Waliuliza afya yake, wakamletea ndimu na udongo wa kutafuna, na macho yao yakashuka tumboni yakapima. Hadia mwenyewe alihesabu, kitandani, mara nyingi kuliko wao wote, na hesabu ilikataa. Ilikuja siku mbili huku, siku mbili kule, na Pasaka katikati.

Mchana mmoja, wakichambua mchele, Mama Fatna aliuliza bila kuinua macho, "Lakini mwanangu, wewe unaonaje? Ni ya kabla ama ya baadaye?"

Hadia aliweka ungo chini, akatoka nje, akasimama juani hadi kichwa kikamuuma. Alikuwa amevumilia mferejini. Lile la mamake hakulivumilia, na baada ya siku hiyo hawakuwahi tena kuchambua mchele pamoja.

Mtoto alizaliwa mwaka ukiisha, mvulana, mzima, mwenye paji la uso la Kawangware. Siku ya saba walimpa jina la Idris.

Kinyanjui alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni na Hadia akamletea mtoto, amtazame. Alimshika, akamtazama sana, kisha akainua macho.

"Ulikuwa unajua? Kule Kalacha?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza."

"Nilijifunza kwako," Hadia akasema, akamchukua mtoto.

Wamuyu alikuja baadaye, na mke wa Kagiri, Beth, wamebeba ndizi na maziwa na shuka laini la mtoto. Wamuyu alikuwa amezeeka. Aliketi kwenye kigoda bila kuambiwa, akampakata mjukuu, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajasema.

"Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babake mume," akasema. "Huyu ni Kihara. Amerudi. Muite jina mnalotaka msikitini, lakini nyumbani tuachie Kihara."

"Nyumbani ni hapa, mama," Hadia akasema. "Na hapa anaitwa Idris."

"Mzee alikuwa mgumu. Lakini alikuwa anakufa."

"Najua. Nilikuwa nampikia."

Wamuyu akamfunika mtoto vizuri. Beth alitazama ukutani. Walikunywa chai, wakaondoka na adabu zote, na Wamuyu hakurudi. Mwaka uliofuata Kinyanjui alioa kanisani msichana wa Satellite anayeitwa Jackie, wakahamia ile nyumba ya mawe ya mbele. Anatuma vitu vya mtoto bila kukosa, kupitia kwa Nzomo. Hadia anavipokea, na hamkaribishi Nzomo chai.

Idris ana miaka miwili sasa. Anakimbia, anaanguka, anacheka akianguka. Mwezi uliopita Hadia alikuwa ndani akisuka, mlango wazi, watoto wakicheza kwenye uchochoro, akasikia mmoja akiita, "Pasaka! We Pasaka, kuja!"

Hakuelewa mara moja. Alidhani ni mtoto mgeni. Kisha akasikia vile vicheko vya watoto wakubwa wanaojua wanachofanya, neno walilolitoa midomoni mwa mama zao. Akainuka akatoka. Idris alikuwa anakimbia kuelekea kwa aliyeita, mikono juu, uso umejaa furaha.

"Idris!" Hadia akaita.

Hakugeuka. Alikuwa amekwisha lizoea lile jingine.

Hadia hakumgombeza mtoto wa mtu, wala hakwenda kugonga mlango wa mama yeyote. Alimbeba mwanawe, akamnawisha miguu, akamlaza. Kisha akamwambia babake kwamba anatafuta chumba upande wa Silanga, kule kwenye mashamba ya mboga, kati ya watu wanaouza makaa na sukuma, wasiomjua yeye ni binti wa nani. Mzee Abdelrahim alisema nyumba hii ni yake, alizaliwa humu. Hadia akasema anajua.

Alihama wiki iliyofuata, na Ramzy akamsaidia kubeba kitanda.